Silabi Kumi, Tisa, Nane

Mwalimu wetu wa Kifaransa aliandika neno moja ubaoni, akaweka chaki chini, akakaa. Ilikuwa Jumanne jioni, katikati ya jiji. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, wote tumetoka kazini, wengine bado na jam ya Waiyaki Way kichwani. Neno lilianzia karibu na dirisha likaishia karibu na mlango: anticonstitutionnellement.

"Nani anasoma?"

Kimya. Kila mtu ghafla ana kitu cha kutafuta kwenye begi. Mwishowe akanichagua mimi. Nikaliingilia neno kama tunavyoingilia neno lolote la Kiswahili, kila herufi nikiihesabu, kila irabu nikiipa haki yake: a-nti-ko-nsti-tu-ti-o-nne-lle-me-nte. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, mzee wa Lubumbashi anayechanganya Kiswahili cha kwao na cha kwetu bila kuomba mtu ruhusa, hakucheka.

"Polepole," akasema. "Usimeze yote mara moya. Huu ni muwa. Unakata pingili, unatafuna, unatema, ndiyo unakata ingine."

Akainuka, akalikata kwa vistari: an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment. Tukahesabu pingili tisa. Kisha akalitamka, akigonga meza kwa kila pigo la sauti. Tukahesabu tena. Nane.

"Mwalimu, moja imeenda wapi?"

"Ile 'le' ya karibu na mwisho? Ilikufa zamani. Lakini bado tunaiandika." Akafikiri kidogo. "Na mwigizaji wa tamthilia za zamani akilisema jukwaani, atakuhesabia kumi."

Maana ya neno lenyewe ni "kwa namna inayokiuka katiba". Lina herufi 25, na kwa miaka mingi limetajwa kama neno refu kuliko yote katika kamusi za kawaida za Kifaransa. Sisi Wakenya, maana hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Kilichonisumbua njia nzima hadi nyumbani ni ile hesabu. Neno moja linawezaje kuwa na silabi kumi, tisa na nane kwa wakati mmoja? Nimekuja kuelewa kwamba kila moja ya hesabu hizo ina mwenyewe, na kwamba kwa karne nyingi swali la jinsi ya kukata neno la Kifaransa limekuwa pia swali la nani anaruhusiwa kuingia wapi.

Jinsi ya kukata

Kwanza kanuni zenyewe, kwa sababu si ngumu kama zinavyoonekana. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, inaenda na irabu inayofuata: a-mi, yaani rafiki. Zikiwa konsonanti mbili, kila upande unachukua yake: par-tir, kuondoka. Lakini l au r ikitanguliwa na konsonanti kama b, p au t, mara nyingi hushikamana nayo kama mtoto na mgongo wa mama: ta-bleau, ubao. Jozi kama ch, ph na gn ni sauti moja moja, kwa hivyo hazikatwi: mon-ta-gne, mlima.

Halafu kuna n na m, ambazo ndizo huchekesha watu darasani. Zikija baada ya irabu, na zisipofuatwa na irabu nyingine wala na n au m ya pili, kwa kawaida hazitamkwi kivyake. Zinapanda puani pamoja na ile irabu. Sema "bon", zuri, na ulimi hautagusa popote. Sema "bonne", zuri ya kike, na n inashuka tena mdomoni. Katika neno letu refu, "an", "con" na "ment" zote ni za puani, na ile t ya mwisho imenyamaza kabisa.

Jambo la mwisho ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ma-ta-TI-zo. Kifaransa hukaza ya mwisho kabisa, tena ya mwisho katika kundi zima la maneno. Kwa hivyo neno refu la Kifaransa halina kilima katikati. Silabi zinasonga sawasawa kama watu kwenye foleni ya stage, na ni yule wa mwisho anayepaza sauti.

Tabia hiyo ya mkazo ndiyo mwanzo wa hadithi yetu, maana silabi nyingi za Kilatini zilipotelea hapo.

Maneno yaliyoliwa

Kifaransa ni Kilatini kilichotafunwa na watu wa kawaida kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wakulima, wanajeshi na wachuuzi wa Galia hawakuongea kama Cicero. Walikaza silabi moja ya neno na kuzembea zilizobaki, hasa zile zilizofuata mkazo. Kidogo kidogo zikaanguka. "Augustum", mwezi wa Agosti, likawa "août", ambalo leo hutamkwa "u" tupu, au "ut". "Aquam", maji, likawa "eau", na sauti yake ni "o" moja tu ingawa tahajia yake haina o. "Securum" likawa "sûr", salama.

Irabu moja tu ndiyo ilikataa kwenda kirahisi: a. "Rosa" likawa "rose", "porta" likawa "porte", "femina" likawa "femme". Ile a ya Kilatini ilififia ikawa e dhaifu, na baadaye, katika midomo ya watu wa Paris, e hiyo ikanyamaza kabisa. Ukienda Marseille na kusini kwa jumla, wengi bado wanaitamka kidogo. Hii ndiyo "le" aliyosema mwalimu kwamba ilikufa. Kaburi lake liko kwenye tahajia.

Sasa utauliza: ikiwa watu walikula silabi hivyo, maneno marefu yalitoka wapi? Yalirudi kwa mlango mwingine. Makasisi, mawakili na madaktari waliendelea kusoma Kilatini vitabuni, na walipohitaji neno la Kifaransa kwa jambo zito, walilitoa kitabuni likiwa zima. Kwa hivyo Kifaransa kina mapacha wengi, mmoja wa mtaani, mwingine wa ofisini. "Hospitale" lilitafunwa likawa "hôtel"; wasomi wakalichukua tena wakapata "hôpital". "Fragilem" lilitafunwa likawa "frêle", dhaifu. Wasomi wakalirudisha likawa "fragile". Katika karne ya 14 msomi Nicole Oresme, akimtafsiria Mfalme Charles wa Tano vitabu vya Aristotle, aliingiza maneno mengi ya aina hii.

Kwa kifupi, maneno mafupi yalikuwa ya jikoni na shambani, na mengi kati ya yale marefu yalikuwa ya kanisa, mahakama na ikulu. Mnamo Agosti 1539, Mfalme François wa Kwanza alitia saini amri ya Villers-Cotterêts, iliyotaka hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa wala si Kilatini. Ilisemekana ni kwa ajili ya uwazi. Lakini raia wengi wa ufalme ule walikuwa wanazungumza Kibretoni, Kioksitani, Kibaski na lugha nyingine chungu nzima. Kwao, mlango ulibadilishwa kufuli tu.

Kumi: hesabu ya jukwaani

Silabi kumi ni hesabu ya washairi. Mstari mkuu wa ushairi wa Kifaransa, ule uitwao alexandrin, una mizani 12. Yeyote aliyewahi kuhesabu mizani za shairi la Kiswahili shuleni, nane kwa nane, anajua jasho lake. Jina hilo lilitokana na mashairi ya karne ya 12 yaliyosimulia maisha ya Alexander Mkuu, na katika karne ya 17 Corneille na Racine waliutumia mstari huo katika tamthilia zao kubwa.

Kanuni zao zilihesabu e iliyonyamaza kana kwamba bado iko hai, isipokuwa ikifuatwa na irabu au ikiwa mwisho wa mstari. Pia "-tion", ambayo mtaani ni pigo moja, wao waliipasua mara mbili: na-ti-on. Weka kanuni hizo mbili pamoja na utapata an-ti-cons-ti-tu-ti-on-nel-le-ment, kumi kamili. Neno hilo moja lingekula mstari karibu wote na kubakiza silabi mbili za kupumulia.

Kusema hivyo jukwaani ilikuwa kazi ya kujifunza, na waliojifunza walipenda ijulikane. Molière aliwaona akawacheka. Katika tamthilia yake ya 1670, Le Bourgeois gentilhomme, tajiri mmoja wa biashara ya vitambaa anayeitwa Jourdain anaajiri walimu wamfanye bwana mkubwa. Mwalimu wa falsafa anamfundisha nini? Irabu. Jinsi mdomo unavyofunguka kwa a, jinsi midomo inavyosogezwa mbele kwa u. Jourdain anashangaa kama mtoto, na anapoambiwa kwamba maneno anayosema kila siku yanaitwa nathari, anafurahi kugundua amekuwa akiongea nathari miaka yote bila kujua. Tunamcheka, lakini tukifika nyumbani tunajiuliza kama si sisi. Ni wangapi tumewahi kurekebisha lafudhi yetu mlangoni kabla ya interview?

Tisa: hesabu ya shuleni

Silabi tisa ni hesabu ya karatasi: unakata kila kilichoandikwa, kiwe hai au kimekufa. Nayo ina ugomvi wake.

Kulikuwa na watu waliotaka Kifaransa kiandikwe kama kinavyosemwa. Mnamo 1542 Louis Meigret alichapisha kitabu akipinga herufi zisizo na kazi, na mwaka wa 1550 akatoa sarufi nzima kwa tahajia yake mwenyewe iliyofuata sauti. Wenzake wakamshambulia na tahajia hiyo haikushika. Karibu karne moja baadaye, mwaka wa 1635, Kadinali Richelieu akaanzisha rasmi Akademia ya Ufaransa, ilinde lugha na kuandika kamusi. Walipojadili tahajia mnamo 1673, mwanachama wao Mézeray aliweka msimamo waziwazi: Akademia ingependelea tahajia ya zamani, kwa sababu inawatenganisha wasomi na wajinga, na na wanawake wa kawaida. Hakuona haya. Kamusi ikatoka mwaka wa 1694, herufi za marehemu zikiwa zimepangwa vizuri.

Kwa haki yao, baadaye walipunguza. Toleo la 1740 liliondoa herufi nyingi zilizonyamaza. Ile s ya "teste", kichwa, ikatolewa na mahali pake pakawekwa kikofia: tête. Lakini maneno marefu yalibaki na mengi ya kukumbuka. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliitungia ikulu imla ya kujifurahisha, na Kaisari Napoleon wa Tatu akakosea mara 75, huku mwanadiplomasia wa Austria akikosea mara 3 tu. Ikiwa kaisari mwenyewe alikwama mlangoni, mtoto wa mkulima je?

Mtoto wa mkulima alipewa silabi. Kwa muda mrefu watoto wa Ufaransa walijifunza kusoma kwa Kilatini kwanza, kwa sababu Kilatini, kama Kiswahili, hutamkwa karibu kama kinavyoandikwa. Mwishoni mwa karne ya 17 Jean-Baptiste de La Salle na shule zake za watoto maskini wakageuza mpango: anzeni na Kifaransa, lugha ambayo mtoto ataitumia. Vitabu vya silabi vikaenea, ba, be, bi, bo, bu, na hadi leo Mfaransa akitaka kusema "mambo ya msingi kabisa" husema "b.a.-ba". Kama ulipitia nursery ya Kenya, wimbo huo unaujua. Tuliuimba tukiwa tumeketi chini, mwalimu akielekeza fimbo ubaoni. Silabi ndiyo elimu ya bei rahisi kuliko zote. Haihitaji utoke familia gani. Inahitaji ubao na uvumilivu.

Lakini shule ile ile iliyogawa ufunguo ilikuja pia na kiboko. Mnamo Juni 1794, katikati ya Mapinduzi, Abbé Grégoire alilisomea bunge ripoti yake kuhusu lugha. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 25, alisema, angalau milioni 6 hawakijui Kifaransa kabisa, wengine karibu idadi hiyo hawawezi kuendeleza mazungumzo kwa Kifaransa, na wanaokizungumza vizuri hawazidi milioni 3. Suluhisho lake halikuwa kuwaandikia katiba kwa lugha zao. Lilikuwa kuzifuta lugha zao.

Sheria za Jules Ferry za 1881 na 1882 zikafanya shule ya msingi iwe ya bure na ya lazima. Huko Bretagne, mtoto aliyesikika akiongea Kibretoni alivishwa kitu shingoni, mara nyingi kiatu cha mti, kilichoitwa "le symbole". Angekiondoa tu kwa kumkamata mwenzake akikosea vilevile, na aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa. Unaijua hiyo? Hapa kwetu wengine waliiita disk, wengine monto. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi watoto wa wakati wake walivyoaibishwa kwa kuongea Gĩkũyũ karibu na shule. Lugha tofauti, himaya tofauti, shingo za watoto zile zile.

Na ilipofika kwa Waafrika, ufunguo wenyewe ulichongwa nusu. Mwaka wa 1916, Vita vya Kwanza vikiendelea, kulichapishwa Paris kijitabu cha kijeshi kuhusu Kifaransa cha "tirailleurs sénégalais", askari waliotolewa kote Afrika Magharibi. Kilielekeza maofisa wawafundishe Kifaransa kilichokatwakatwa, vitenzi bila minyambuliko, sentensi fupi za amri. Askari hao walitosha kufia Ufaransa, lakini hawakuonekana kustahili sarufi yake. Baadaye watu waliwacheka kwa kuongea hivyo, kana kwamba wao ndio waliokitunga kile kijitabu.

Miaka 19 baada ya kijitabu hicho, mwaka wa 1935, kijana wa Senegal aitwaye Léopold Sédar Senghor alifaulu mtihani mgumu wa agrégation katika somo la sarufi, akaanza kuwafundisha Wafaransa lugha yao wenyewe huko Tours. Mwaka wa 1983 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa Akademia, miaka mitatu tu baada ya mwanamke wa kwanza, Marguerite Yourcenar. Mézeray angezimia mara mbili.

Ningependa hadithi ya Senghor iishie hapo, kwa makofi. Haikuishia. Akiwa rais, serikali yake ilizuia filamu ya Ousmane Sembène, Ceddo, ya 1977, isionyeshwe Senegal. Sababu rasmi: jina limeandikwa kwa d mbili, na tahajia ya serikali inataka d moja. Wengi waliamini kilichoudhi ni jinsi filamu ilivyosimulia historia ya Uislamu nchini humo. Vyovyote vile, bwana sarufi alikuwa amegeuka bawabu. Konsonanti moja ilitosha kufunga mlango wa sinema.

Nane: hesabu ya mtaani

Silabi nane ni za sikio. Hapa hakuna kitabu, unakata unachosikia.

Ukisikiliza Mfaransa akiongea, hasikiki akitenganisha maneno. "Les amis", marafiki, hutoka kama lé-za-mi: s iliyokuwa kimya inaamka na kuhamia nyumba ya jirani. Aliyejifunza kwa macho anajua mpaka uko wapi. Aliyejifunza kwa sikio anakata pengine. Ndiyo maana Haiti rafiki ni "zanmi", na maji, "de l'eau", ni "dlo" huko Haiti na "dilo" huko Mauritius. Sisi pia tumo. Neno letu "divai" ni "du vin" ya Kifaransa iliyomezwa pamoja na kiungo chake.

Tusifikirie kwamba Mauritius ni mbali. Mwaka wa 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Watu kutoka pwani yetu na bara nyuma yake waliteremshwa huko, na lugha ya kwanza waliyosikia ikipigiwa kelele ilikuwa Kifaransa. Hakuna aliyewapa kitabu cha silabi. Walikata lugha ile kwa masikio, pamoja na watu wa Madagaska na kwingineko, wakaiunga upya, na watoto wao wakaizungumza kama mali yao. Wenye mashamba waliiita Kifaransa kibovu. Leo Krioli ya Mauritius ni lugha yenye kamusi.

Karne mbili baadaye, sikio hilo likafika vitongoji vya Paris. Vijana, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Algeria, Moroko na Afrika Magharibi, walichukua mchezo wa zamani wa kugeuza silabi wakaufanya lugha ya mtaa. Mchezo unaitwa verlan, na jina lenyewe ni "l'envers", kinyume, lililogeuzwa. "Louche", mtu wa kutiliwa shaka, ni "chelou". "Fou", kichaa, ni "ouf". "Pourri", afisa aliyeoza kwa rushwa, ni "ripou", na mwaka wa 1984 filamu Les Ripoux ikalipeleka neno hilo kwa nchi nzima. "Arabe" likageuzwa likawa "beur". Mwaka wa 1983 vijana walitembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris kudai usawa na kupinga ubaguzi, na magazeti yakauita mwendo huo Matembezi ya Mabeur. Dunia ya wakubwa ilipolizoea neno lile, mtaa ukaligeuza tena: "rebeu".

Sasa tazama "femme". Mtaani anaitwa "meuf". Ili uligeuze neno hilo lazima kwanza ulikate, na ukilikata unahitaji silabi mbili: fa-meu. Kwa hivyo vijana wale, ambao shule iliwaambia hawajui Kifaransa, waliifufua ile e iliyonyamaza, mabaki ya a ya "femina". Wakaitoa mkiani wakaiweka mbele: meu-fa, halafu meuf. Profesa aliipa e hiyo kaburi zuri kwenye tahajia. Mtaa uliifukua ikafanye kazi.

Na kama wewe ni msee wa Nairobi, hilo halikushangazi. Tunapeana risto, ambayo ni stori iliyopinduliwa. Tena si uvumbuzi wa jana: katika karne ya 19 Askofu Edward Steere aliandika kuhusu Kinyume, usemi wa mafumbo wa Unguja ambamo silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele. Kwa kanuni hiyo kitabu ni bukita. Paris, Unguja, Eastlands: palipo na mlango unaolindwa na lugha, vijana hukata lugha hiyo vipande na kujijengea mlango wao.

Kikofia

Mnamo Desemba 6, 1990, gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa lilichapisha mapendekezo ya kurekebisha tahajia ya maneno kama 2,000. "Oignon", kitunguu, lingeweza kuandikwa "ognon". Kikofia kingeweza kuondoka juu ya i na u pale ambapo hakibadilishi maana. Hakuna aliyelazimishwa. Miaka 25 ikapita, na mnamo Februari 2016 habari zikaenea kwamba vitabu vipya vya shule vitafuata mapendekezo hayo. Mtandao ukawaka: #JeSuisCirconflexe, mimi ni kikofia. Watu waliopata jasho shuleni kukariri kikofia kile sasa walikitetea kama ardhi ya babu.

Nilipoisoma habari hiyo niliwacheka, halafu nikaacha. Mtu akishalipa bei kubwa kuingia mahali, anaumia kuona mwenzake akiingia bure. Ndivyo tunavyofanya na Kiingereza cha watu wa kwetu, tukimcheka aliyeteleza kwenye r na l kana kwamba sisi hatukuchapwa tukijifunza.

Jumanne iliyofuata mwalimu alinirudisha ubaoni. Nikashika chaki, nikakata, nikasema: an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-ment. Nane, ya mwisho puani, t ikiwa kimya. Safari hii darasa halikucheka. Aliyefuata alikuwa dada mmoja mgeni, anauza mitumba Gikomba na anataka kwenda kufanya biashara Kinshasa. Alisimama akaanza kama nilivyoanza mimi: a-nti-ko… Nikasikia kicheko kikinipanda kooni, nikakimeza.

"Polepole, dada," nikamwambia. "Kata pingili ya kwanza."